Khalistan: Ugomvi wa Punjab unaozigombanisha serikali za mbali

Tarehe 18 Septemba 2023 Justin Trudeau, wakati huo Waziri Mkuu wa Canada, alisimama bungeni Ottawa akatoa kauli ambayo serikali rafiki huwa hazirushiani hadharani. Alisema vyombo vya usalama vya nchi yake vinafuatilia tuhuma za kuaminika kwamba mawakala wa serikali ya India huenda walihusika na mauaji ya raia wa Canada. Marehemu aliitwa Hardeep Singh Nijjar, fundi bomba mwenye umri wa miaka 45 na kiongozi wa hekalu moja la Wasikh mjini Surrey, jimbo la British Columbia. Jioni ya 18 Juni mwaka huo, alipokuwa akitoka na gari lake kwenye maegesho ya hekalu, watu wenye bunduki walimmiminia risasi. India ilikanusha na kuziita tuhuma hizo upuuzi. Pande mbili zikaanza kufukuziana wanadiplomasia.

Nijjar alikuwa mtetezi wa Khalistan, nchi huru ambayo baadhi ya Wasikh wanataka ikatwe kutoka India. Tangu siku ile jina hilo halijatoka kwenye habari, na kila likitajwa huja na mkanganyiko wake. Wapo wanaodhani Wasikh ni Waislamu wa India. Wapo wanaodhani Khalistan ni nchi iliyokuwepo ikamezwa. Wengine wameshahitimisha kwamba kila mwanamume mwenye kilemba na ndevu ndefu anataka India ivunjike, na upande wa pili wapo wanaoapa kwamba jambo zima ni porojo zilizotungwa na majasusi wa Pakistan. Makosa ya namna hii yana gharama. Siku nne baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, Msikh mmoja aliyekuwa kwenye kituo chake cha mafuta huko Arizona, Marekani, aliuawa na mtu aliyekuwa akitafuta Mwarabu wa kulipizia kisasi. Kilemba tu kilitosha.

Kwa hiyo tuanze kwa kutenganisha mambo matatu: dini, jimbo na dai.

Dini, jimbo na dai

Usikh ni dini inayojitegemea. Mwasisi wake, Guru Nanak, alizaliwa mwaka 1469 katika mji ambao leo uko Pakistan na unaitwa Nankana Sahib kwa heshima yake. Alihubiri Mungu mmoja, usawa wa watu na kazi halali. Baada yake walifuata magwiji tisa wa kiroho, na wa mwisho, Guru Gobind Singh, mwaka 1699 aliunda udugu wa waumini uitwao Khalsa, wenye alama zake: nywele zisizokatwa, bangili ya chuma, na nyinginezo. Baada yake hakuna guru mwingine wa kibinadamu. Kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, ndicho guru hadi leo. Msafiri wa barabara ya Nairobi–Mombasa aliyewahi kusimama kwenye hekalu la Makindu akala wali, dengu na chapati bila kuulizwa dini wala kabila ameshaonja kiini cha imani hii. Makalasinga walioleta desturi hiyo Afrika Mashariki wengi wao walikuja na ujenzi wa reli kuanzia miaka ya 1890, na wengi wa wajukuu wao wamehamia Uingereza na Canada.

Jimbo ni Punjab, kaskazini magharibi mwa India. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu Wasikh karibu milioni 21 nchini India, asilimia 1.7 tu ya watu wote, lakini ndani ya Punjab ni takriban asilimia 58. Ni jimbo pekee la India ambako wao ndio wengi. Punjab ina malalamiko yake ya kawaida kuhusu maji, mji mkuu, bei ya ngano na mamlaka ya jimbo. Mtu anaweza kuyashikilia malalamiko hayo kwa nguvu zote, na wala asiwe na wazo la kujitenga.

Dai ndilo Khalistan: nchi huru ya Wasikh. Jina hilo lilianza kuchapishwa mwaka 1940, wakati Muslim League ilipodai nchi ya Waislamu na baadhi ya Wasikh wakauliza wao watabaki wapi. Nchi yenye jina hilo haijawahi kuwepo. Ulikuwepo, ndiyo, ufalme wa Wasikh: Maharaja Ranjit Singh aliteka Lahore mwaka 1799 na kutawala eneo kubwa hadi kifo chake mwaka 1839, na miaka kumi baadaye Waingereza wakaitwaa Punjab yote. Lakini ule ulikuwa ufalme wenye raia wengi Waislamu na Wahindu, na mawaziri wa dini zote. Kuuita Khalistan ya kwanza ni kuubandika jina ambalo wenyewe hawakulijua.

Ahadi zilizobaki njiani

Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka, Punjab ilipasuliwa katikati. Lahore na Nankana Sahib zikaenda Pakistan, Amritsar ikabaki India, na mamilioni ya watu wakavuka mpaka kwa miguu, kwa mikokoteni na kwa treni zilizofika zikiwa na maiti. Wasikh walipoteza mashamba bora na baadhi ya mahali patakatifu kuliko pote. Waliingia India wakiamini kwamba watakuwa na sehemu yao ndani ya shirikisho, lakini India ilipopanga upya majimbo yake kwa misingi ya lugha katika miaka ya 1950, Wapunjabi waliachwa pembeni. Delhi iliona dai la jimbo la lugha ya Kipunjabi kuwa dai la jimbo la Wasikh lililovishwa nguo nyingine.

Jimbo hilo lilipatikana Novemba 1966 baada ya miaka ya maandamano, na lilikuja na vidonda vyake. Haryana ilikatwa kuwa jimbo lake. Mji wa Chandigarh, uliojengwa baada ya uhuru kuchukua nafasi ya Lahore, ukawekwa chini ya serikali kuu na kuwa mji mkuu wa majimbo mawili kwa pamoja, na ndivyo ulivyo hadi leo. Maji ya mito ya Punjab yakagawiwa kwa mgawo ambao wakulima wa Punjab wanaamini uliwaibia. Mfereji wa kuunganisha mto Sutlej na Yamuna, uliokusudiwa kupeleka maji Haryana, umekwama kwa miongo minne.

Mwaka 1973 chama cha Akali Dal, chama kikuu cha siasa cha Wasikh, kilipitisha Azimio la Anandpur Sahib. Azimio hili ndilo hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba Wasikh walitaka kujitenga. Kwa kweli lilitaka serikali kuu ibaki na ulinzi, mambo ya nje, sarafu na mawasiliano, na mengine yaachiwe majimbo. Mkenya aliyefuatilia mjadala wa ugatuzi angelitambua mara moja. Naamini kwamba laiti Delhi ingelijadili kama hoja ya ugatuzi badala ya kulisoma kama uhaini, sehemu kubwa ya yaliyofuata isingetokea.

Mwaka 1984

Hakuna anayeweza kuelewa jambo hili bila kukaa na mwaka 1984.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alijitokeza mhubiri kijana aitwaye Jarnail Singh Bhindranwale, mkali wa maneno, aliyewaita vijana waache pombe na kurudi kwenye dini. Wachambuzi wengi wa siasa za India wanakubaliana kwamba watu wa Congress, chama cha Indira Gandhi, walimpa nafasi mwanzoni ili awapunguzie Akali Dal kura. Mhubiri hakubaki mikononi mwa mtu. Wafuasi wake wenye silaha walianza kuua wapinzani, Wahindu na Wasikh waliotofautiana nao, na yeye akahamia ndani ya eneo la Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar na kuligeuza kuwa ngome. Inafaa kujua kwamba mwenyewe hakuwahi kudai Khalistan waziwazi. Alikuwa akisema kwamba haombi, lakini akipewa hatakataa, na kwamba jeshi likiingia hekaluni msingi wa Khalistan utakuwa umewekwa.

Mwanzoni mwa Juni 1984 Waziri Mkuu Indira Gandhi aliliagiza jeshi liingie. Operesheni ilipewa jina Blue Star. Wakati uliochaguliwa ulikuwa siku za kukumbuka kuuawa kwa Guru Arjan, guru wa tano, kwa hiyo mahujaji walikuwa wamejaa ndani. Vifaru viliifyatulia mizinga Akal Takht, jengo ambalo ni kiti cha juu cha mamlaka ya kidini ya Wasikh. Maktaba yenye miswada ya kale ikaungua. Bhindranwale aliuawa. Serikali ilitoa hesabu ya wanajeshi 83 waliokufa na watu 493 wa upande wa pili, raia na wapiganaji wakiwa wamechanganywa kwenye hesabu moja. Mashirika ya haki na mashuhuda wanasema waliokufa ni wengi zaidi ya hao. Meja Jenerali aliyeongoza shambulio, Kuldip Singh Brar, alitoka familia ya Kisikh, na Rais wa India wakati huo, Zail Singh, alikuwa Msikh pia. Nawataja kwa sababu watu hupenda kuuelezea mgogoro huu kama vita vya Wahindu na Wasikh, na mambo hayakukaa hivyo.

Tarehe 31 Oktoba walinzi wawili wa Indira Gandhi, Wasikh wote, walimpiga risasi bustanini kwake. Siku zilizofuata makundi yalipita mitaa ya Delhi yakiwa na orodha za wapiga kura zilizowaonyesha nyumba za Wasikh ni zipi. Wanaume waliburutwa nje, wakavishwa matairi, wakamwagiwa mafuta ya taa. Polisi walisimama pembeni, na sehemu nyingine walishiriki. Idadi rasmi ya waliouawa Delhi peke yake ni 2,733. Wiki chache baadaye Rajiv Gandhi, mtoto wa marehemu aliyerithi uwaziri mkuu, aliuambia umati kwamba mti mkubwa ukianguka ardhi lazima itikisike kidogo. Wajane waliowekwa kwenye majengo ya Tilak Vihar, magharibi mwa Delhi, walizeeka wakisubiri kesi. Mwanasiasa wa Congress Sajjan Kumar alihukumiwa kifungo cha maisha Desemba 2018, miaka 34 baada ya mauaji, na akapata kifungo cha pili cha maisha Februari 2025 kwa mauaji ya baba na mwanawe.

Kabla ya Juni 1984 Khalistan ilikuwa wazo la watu wachache, baadhi yao wakiwa London na New York wakitoa matangazo magazetini. Baada ya Novemba ya mwaka huo lilikuwa jambo ambalo mkulima wa kawaida alilijadili mezani kwake.

Begi lisilo na abiria

Na hapa lazima tuseme yale ambayo wafuasi wa Khalistan hawapendi kuyasema.

Juni 1985 mtu alifika kwenye kaunta ya uwanja wa ndege wa Vancouver na tiketi yenye jina M. Singh. Alishikilia begi lake lisajiliwe moja kwa moja hadi India ingawa sehemu ya pili ya safari ilikuwa haijathibitishwa. Mhudumu, akiwa na foleni ndefu mbele yake, alikubali. Begi likapanda ndege, mwenyewe hakupanda. Asubuhi ya 23 Juni ndege ya Air India namba 182 ililipuka juu ya bahari karibu na Ireland. Watu 329 walikufa, zaidi ya 80 kati yao watoto. Wengi walikuwa raia wa Canada wenye asili ya India, familia zinazokwenda likizo kwa babu na bibi. Siku hiyohiyo bomu la pili liliua wapakia mizigo wawili katika uwanja wa Narita, Japan.

Bomu lilitegwa na Wasikh wenye itikadi kali waliokuwa wakiishi Canada. Idara za usalama za Canada zilikuwa zimeonywa, zilikuwa zikiwafuatilia baadhi ya washukiwa, na baadaye kanda za simu walizonasa zikafutwa. Ni mtu mmoja tu, Inderjit Singh Reyat, aliyetiwa hatiani. Washtakiwa wengine wawili waliachiwa huru mwaka 2005. Tume ya uchunguzi iliyomaliza kazi mwaka 2010 ilieleza uzembe huo kwa urefu, na serikali ya Canada ikaomba radhi. Kwa miaka mingi Wacanada wengi waliuona msiba ule kama msiba wa India, ilhali waliokufa walikuwa majirani zao. Delhi inapolalamika kwamba Canada haichukulii kwa uzito tishio la Khalistan, inaikumbuka ndege hiyo, na ina haki ya kuikumbuka.

Ndani ya Punjab kwenyewe miaka iliyofuata ilikuwa ya damu. Wapiganaji waliwateremsha Wahindu kwenye mabasi na kuwaua, wakaua waandishi, wanasiasa, na Wasikh waliokataa amri zao. Kiongozi wa Akali Dal, Harchand Singh Longowal, aliuawa wiki chache tu baada ya kusaini mkataba wa amani na Rajiv Gandhi mwaka 1985. Polisi nao walijibu kwa utekaji, mateso na mauaji ya kupangwa. Kwa makadirio ya kawaida zaidi ya watu 20,000 walikufa hadi katikati ya miaka ya 1990, na wengi wao walikuwa Wasikh.

Jinsi polisi walivyokuwa wakifanya kazi tunaijua kwa sababu ya ofisa mmoja wa benki ya ushirika mjini Amritsar, Jaswant Singh Khalra. Alipokuwa akitafuta watu waliopotea alikwenda kwenye viwanja vya kuchomea maiti na kuomba daftari. Kila maiti iliyoletwa na polisi kama isiyo na mwenyewe ilikuwa imeandikiwa kuni zake, na kuni zilikuwa na stakabadhi. Khalra alihesabu stakabadhi. Mwaka 1995 alisafiri hadi Canada kueleza alichokikuta. Aliporudi, asubuhi ya 6 Septemba, akiosha gari nje ya nyumba yake, polisi walimchukua. Hakuonekana tena. Baadaye uchunguzi rasmi ulithibitisha miili 2,097 iliyochomwa kinyume cha sheria katika eneo la Amritsar peke yake, na polisi kadhaa walitiwa hatiani mwaka 2005 kwa mauaji ya Khalra.

Uasi ulikwisha, kwa sehemu kwa mkono huo wa chuma na kwa sehemu kwa sababu wananchi wa Punjab walichoshwa na pande zote mbili. Kufikia 1997 Akali Dal walikuwa wakitawala jimbo kwa ushirikiano na BJP, chama cha uzalendo wa Kihindu, na muungano huo ulidumu hadi 2020. Msikh Manmohan Singh aliiongoza India nzima kama Waziri Mkuu tangu 2004 hadi 2014, na mwaka 2005 aliomba radhi bungeni kwa mauaji ya 1984. Anayesema kila Msikh anataka kutoka India aanze kwa kuueleza ukweli huo.

Kwa nini sauti inatoka ughaibuni

Swali la haki ni hili: ikiwa Punjab imetulia, mbona bendera za Khalistan zinapepea Brampton na Surrey huko Canada, na London?

Sehemu ya jibu ni idadi. Sensa ya Canada ya 2021 ilihesabu Wasikh karibu 770,000, zaidi ya asilimia mbili ya watu wa nchi hiyo. Sehemu nyingine ni wakati walioondoka: baadhi ya familia ziliondoka Punjab katika miaka ile ya moto, na walichobeba ni kumbukumbu ya nchi ilivyokuwa wakati huo. Aliyebaki nyumbani alilazimika kuendelea na maisha, kupanda ngano, kuoza mabinti, kumpigia kura mtu yuleyule aliyempinga jana. Sehemu ya tatu ni sheria. Canada, Uingereza na Marekani zinaruhusu mtu kudai kwa amani nchi nyingine igawanywe, hata dai lenyewe likiwaudhi wengine. India inaona uhuru huo kama kivuli cha kuficha magaidi. Serikali za Magharibi zinajibu kwamba kutoa maoni hakuwezi kuwa kosa. Nadhani pande zote mbili zina hoja hapa: katika gwaride moja la Brampton mwaka 2023 lilipitishwa gari lenye sanamu ya Indira Gandhi akiuawa. Mambo ya namna hiyo yanaweza kuwa halali kisheria na bado yakawa aibu.

Kundi linalosikika zaidi ni Sikhs for Justice, lenye msemaji wake Gurpatwant Singh Pannun, mwanasheria anayeishi New York. India ililipiga marufuku mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikawatangaza Pannun na Nijjar kuwa magaidi. Tangu Oktoba 2021 kundi hilo huendesha linachokiita kura ya maoni ya Khalistan, kuanzia London, kisha Canada, Australia na kwingineko. Makumi ya maelfu wamepanga foleni. Lakini fikiria umoja wa watu wa kijiji fulani wanaoishi Dar es Salaam ukipiga kura ya kuigawa ardhi ya kijiji, huku waliobaki kijijini wakilima hawajaulizwa. Hiyo ndiyo hali yake. Hakuna serikali yoyote inayoitambua kura hiyo, na Punjab haijapiga.

Itazame pia ramani wanayoichora. Inachukua Punjab ya India, Haryana, Himachal Pradesh na maeneo mengine, na mji mkuu uliotajwa ni Shimla, mji wa milimani ambao wakazi wake wengi ni Wahindu. Lahore, kiti cha Ranjit Singh, haimo. Nankana Sahib, alikozaliwa Guru Nanak, haimo. Kwa vyovyote nchi ya Wasikh ingepaswa kuanzia hapo. Ramani inayoiacha Pakistan bila kuguswa inaeleza kitu kuhusu siasa za wachoraji wake.

Kila serikali na hesabu zake

Pakistan ina sababu ya wazi. Mwaka 1971 India iliisaidia Pakistan ya Mashariki kujitenga na kuwa Bangladesh. Punjab ya India iko mpakani, Amritsar ni safari fupi kutoka Lahore, na barabara na reli za India kwenda Kashmir hupita Punjab. Jirani aliyeumizwa hivyo hangeacha fursa ya 1984 ipite, na wapiganaji walipata hifadhi na silaha ng'ambo ya mpaka. Mmoja wa makamanda wao wa zamani, Paramjit Singh Panjwar, aliuawa kwa risasi Lahore Mei 2023. Pamoja na hayo, Pakistan ilichochea moto uliokuwa tayari umewashwa. Haikuyatuma majeshi ya India hekaluni, wala haikugawa orodha za wapiga kura Delhi. Nchi hiyohiyo mwaka 2019 ilifungua njia ya Kartarpur, ili mahujaji kutoka India wafike bila viza mahali alipofia Guru Nanak. Jambo hilo liliwafurahisha Wasikh, na papo hapo liliitia Delhi wasiwasi.

India ya Narendra Modi ina hesabu zake. Khalistan kama tishio la nje inasaidia kuwaunganisha wapiga kura, na inasaidia kuyafunika malalamiko ya kweli. Wakulima wa Punjab walipopiga kambi nje ya Delhi mwaka 2020 na 2021 kupinga sheria tatu za kilimo, baadhi ya wanasiasa na vituo vya televisheni viliwaita Wakhalistani. Walikuwa wakilalamikia bei ya mazao. Novemba 2021 serikali ilizifuta sheria hizo.

Canada ina wapiga kura Wasikh waliosambaa kwenye majimbo ya uchaguzi yenye ushindani, na serikali ya Trudeau, isiyokuwa na wingi bungeni, iliegemea chama cha NDP kilichoongozwa na Jagmeet Singh, Msikh. India inasema hiyo ndiyo sababu ya kelele zote. Ni nusu ya ukweli. Raia aliuawa kwenye ardhi ya nchi yake, na hakuna serikali inayoweza kulinyamazia hilo. Mei 2024 polisi waliwakamata vijana wanne raia wa India kwa mauaji hayo. Oktoba mwaka huo nchi hizo mbili zilifukuziana wanadiplomasia sita sita.

Kesi ya Marekani ndiyo iliyoipa uzito kauli ya Trudeau. Novemba 2023 waendesha mashtaka wa New York walifungua mashtaka dhidi ya raia wa India, Nikhil Gupta, wakidai alipanga kumuua Pannun kwa malipo ya dola 100,000 kwa maelekezo ya ofisa wa serikali ya India. Muuaji aliyetafutwa alikuwa ofisa wa kificho wa Marekani. Hati ya mashtaka ina hata picha ya noti za malipo ya awali, dola 15,000, zikikabidhiwa ndani ya gari. Oktoba 2024 alitajwa kwa jina ofisa anayedaiwa kuelekeza mpango huo, Vikash Yadav. India ilisema kitendo kama hicho si sera yake na ikaunda kamati ya uchunguzi.

Tofauti ya sauti inaeleza mengi. Kwa Canada, India ilifoka. Kwa Marekani, ilizungumza kwa upole. Washington nayo haikupiga kelele, kwa sababu inaihitaji India kama uzani dhidi ya China, kama soko na kama mshirika wa ulinzi. Mataifa ya Magharibi yaliyoiadhibu Urusi kwa kuua wapinzani wake ughaibuni yalijikuta yakipima maneno. Familia ya mtu aliyeuawa inaona upimaji huo, na mimi naona wana haki ya kuumia.

Punjab yenyewe leo

Uchaguzi wa jimbo wa 2022 ulishindwa kwa kishindo na Aam Aadmi, chama kilichozaliwa Delhi kwa kampeni ya kupinga ufisadi: viti 92 kati ya 117. Wananchi walizungumzia umeme, shule, madawa ya kulevya, maji ya ardhini yanayozidi kushuka kwa kilimo cha mpunga, na vijana wanaouza shamba la baba ili walipie viza ya Canada.

Miaka miwili baadaye, kwenye uchaguzi wa bunge la taifa, viti viwili kati ya 13 vya Punjab vilitwaliwa na wagombea binafsi walioishtua Delhi. Mmoja ni Amritpal Singh, mhubiri kijana anayevaa na kuzungumza kama Bhindranwale, aliyeshinda akiwa gerezani Dibrugarh, Assam, maelfu ya kilomita kutoka kwa wapiga kura wake. Mwingine ni Sarabjeet Singh Khalsa, mtoto wa mmoja wa walinzi waliomuua Indira Gandhi. Kusoma kura hizo kama kura za Khalistan ni kurahisisha mno. Wengi waliompigia Amritpal walisema wanachukia mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na wanapenda alivyowatoa vijana kwenye madawa. Lakini kura hizo zinaonyesha pia kwamba habari ya 1984 bado ina wenyewe, na vyama vikubwa vimewaachia wengine waisimulie.

Juni 2025 Waziri Mkuu mpya wa Canada, Mark Carney, alimkaribisha Modi kwenye mkutano wa G7 huko Kananaskis, wakakubaliana kurudishiana mabalozi, na Agosti mabalozi hao wakateuliwa. Biashara inarudi, viza zinatoka. Chandigarh bado ni mji mkuu wa majimbo mawili, na mfereji wa Sutlej bado umekauka.